Arusi ya Brussels, Desemba 1960

Mfalme Baudouin wa Ubelgiji alimwoa Fabiola de Mora y Aragón mjini Brussels tarehe 15 Desemba 1960. Bwana arusi alikuwa na miaka 30, bibi arusi 32. Fabiola hakuwa binti wa mfalme. Alizaliwa Madrid katika ukoo wa makabaila, baba yake akiwa na cheo cha markizi. Alisomea uuguzi, na alikwisha kuandika kitabu cha hadithi za watoto. Baudouin naye alikuwa kijana mpole, mwenye huzuni usoni. Mama yake, Malkia Astrid, alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1935, mtoto akiwa na miaka 4 tu.

Siku hiyo ndoa ilifungwa mara mbili. Katiba ya Ubelgiji inataka ndoa ya serikali itangulie ile ya kanisani, hata kwa mfalme. Hivyo maharusi walianzia ikulu, ndipo wakaelekea kanisa kuu la Mtakatifu Mikaeli na Mtakatifu Gudula. Gauni lilibuniwa na Cristóbal Balenciaga, Mhispania mwenzake Fabiola: satini nyeupe iliyotiwa manyoya meupe, uzuri wake ukiwa katika mkato kuliko nakshi. Kichwani bibi arusi alivaa taji ambalo Wabelgiji walimtunza Astrid alipoolewa mwaka 1926. Katika mapambo yote ya siku ile, hakuna lililobeba uzito kama hilo.

Arusi hiyo iliiangukia nchi katika majira magumu. Tarehe 30 Juni mwaka huo, Kongo ilipopata uhuru kutoka Ubelgiji, Baudouin alisimama Léopoldville, Kinshasa ya leo, akaisifu kazi ya Mfalme Leopold wa Pili, mwanzilishi wa ukoloni huo. Waziri Mkuu wa Kongo, Patrice Lumumba, akajibu kwa kuyataja madhila ya ukoloni moja baada ya jingine. Kengele za Brussels zilipolia Desemba, Lumumba alikuwa mfungwa katika kambi ya jeshi Thysville. Mwezi mmoja baadaye aliuawa katika jimbo la Katanga.

Nyumbani nako shangwe ilidumu siku 5. Tarehe 20 Desemba mgomo mkuu ulizuka kupinga mpango wa serikali wa kuongeza kodi na kubana matumizi, na maharusi wakakatiza fungate yao Hispania wakarudi.

Ndoa yao ilidumu miaka 32. Hawakujaliwa mtoto, mimba 5 ziliharibika. Baudouin alipofariki mwaka 1993, kiti kilimwendea mdogo wake, Albert, na Fabiola akamzika mumewe akiwa amevaa nguo nyeupe.