Makaratasi ya Shule Ni Mali: Maneno kwa Vijana na Wazazi wa Kolwezi



Mwaka 1993, jamaa nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa hapa Kolwezi. Zililala stesheni zikingoja treni, na masomo ya watoto yakakatika. Anayehama bila makaratasi ya shule hupata taabu mara mbili.

Vijana, chuo kikuu huomba kwanza diploma ya Serikali. Aliyepoteza buletini aende kwa prefe wa shule yake ya zamani, aombe nakala ya pointi zake. Kila karatasi mfanyie nakala, moja ibaki kwa ndugu wa mji mwingine. Chuoni hufundishwa kwa Kifaransa. Basi kisomeni na kukiandika kila siku, kwa vikundi, bila kuulizana kabila.

Wazazi, kabla ya kumtuma mtoto Lubumbashi, ulizeni kwanza Chuo Kikuu cha Kolwezi. Hesabuni minervali, nyumba na chakula cha mwaka mzima, si feza za kujiandikisha tu. Na binti asinyimwe masomo ili kaka yake asome.

Viongozi, kijana akiomba barua ya makao, msimwulize babu yake alitoka wapi. Mwandikieni.