Tone la Maji Juu ya Jani la Magimbi



Wapendwa wasikilizaji, nani kati yetu hajapita penye magimbi baada ya mvua, akaona tone la maji likibiringika juu ya jani kama ushanga, wala lisiloweshe kitu? Sisi wahubiri tumelitumia sana jani hilo. Tumelifananisha na moyo mgumu: neno la Mungu lamwagwa juu yake, nalo lateleza na kupotea.

Siku moja katekista wa kigango kimoja alitulalamikia juu ya mzee aliyehudhuria mafundisho ya ubatizo kwa miaka mitatu bila kushika hata sala moja. "Padre, huyu ni jani la magimbi," alisema. Tukacheka. Kisha tukakubali jina lake lifutwe.

Baadaye tulisoma habari za Wilhelm Barthlott, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani. Mwaka 1997 yeye na mwenzake Christoph Neinhuis walieleza siri ya majani yasiyolowa, la magimbi likiwamo. Uso wa jani, tuuonao kuwa laini, umejaa vinundu vidogo mno, vya kiasi cha sehemu moja ya mia ya milimita, navyo vimevikwa chembe za nta. Tone hukaa juu ya ncha za vinundu hivyo, na chini yake hubaki hewa. Kwa kuwa halina pa kushika, hubiringika. Na likibiringika huzoa vumbi na mbegu za ukungu. Jani halikunywa maji, lakini limeoshwa. Tena maji yenyewe huanguka udongoni, iliko mizizi. Sisi tulitazama jani tu, hatukutazama shina!

Kinacholiharibu jani hilo ni kidole. Ukilisugua, nta huondoka. Maji hunata, na uchafu hubaki palepale.

Mzee yule hakurudi darasani. Hata hivyo, tumeambiwa kwamba kila Jumapili huketi nje ya kanisa, chini ya mwembe, tangu mwanzo wa Misa hadi baraka, na mvua ikinyesha husogea ukutani, karibu na dirisha. Leo jioni tutakwenda kwake pamoja na katekista, kumwomba radhi. Hatujui atatupokeaje. Tusalieni.