Kuteremka Ukingo wa Bonde la Ufa kwa Motokaa

(Maneno ya mazungumzo yaliyosemwa mbele ya mkutano wa machifu, walimu na wazee.)



Nimeombwa kuwapa habari za safari, nami nimechagua safari iliyo fupi kwa mwendo lakini yenye mambo mengi ya kutazama, yaani kutoka Limuru kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa mpaka Mai Mahiu, kisha kupanda tena hata Naivasha. Tulisafiri mwezi wa Februari, mwaka 2025. Tulikuwa watu sita katika motokaa moja: mimi, mke wangu, watoto wetu watatu, na mama yangu mzazi, ambaye umri wake umepita miaka 80.

Kabla ya kuondoka palikuwa na shauri. Ukifika Rironi, karibu na Limuru, njia hugawanyika. Ya juu hupita Kimende na Kinungi, nayo haina mteremko mkali sana. Ya chini huambaa na genge. Mama alitaka ya juu. Alikumbuka kwamba mwezi wa Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi ilipasuka upande wa Mai Mahiu hata barabara ya Narok ikakatika. Akakumbuka na usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamezuiliwa na tuta la reli yalipopasua, yakawashukia watu usingizini, wakafa zaidi ya 45. “Mwanangu,” akasema, “mlima ule hauna urafiki na mvua.” Hoja yake ilikuwa nzito. Walakini ilikuwa kiangazi, na watoto walikuwa hawajaliona bonde kwa macho yao. Mwishowe alikubali, kwa sharti kwamba tusianze kuteremka kabla ya ukungu kuondoka. Maana ukungu wa asubuhi kule huweza kukuficha hata lori lililo mbele yako.

Basi jua lilipokwisha kupanda tukafika penye ukingo. Hapo wachuuzi hupanga ngozi za kondoo, kofia na vikapu, na bei zao, nasema kweli, hufuata uzuri wa motokaa ya mnunuzi. Tukasimama. Chini yetu nchi ilikuwa imelala kama sakafu ya nyumba: mashamba, vumbi, na vivuli vya mawingu vikitembea. Mbele yetu ulisimama Longonot, mlima wa moto wenye urefu wa mita 2,776, na upande wa kusini Suswa. Mtoto wa kati akamwuliza nyanya yake ni nani aliyelichimba shimo kubwa kiasi hiki. Nyanya akanitazama mimi.

Nikamweleza kwamba halikuchimbwa. Nchi yenyewe huvutwa pande mbili, polepole mno, milimita chache tu kwa mwaka. Na kwa muda wa mamilioni ya miaka sehemu ya katikati ikadidimia, kingo zikabaki juu. Mtaalamu wa miamba, J. W. Gregory, alifika hapa mwaka 1893, naye ndiye aliyelieneza jina la Bonde la Ufa.

Sasa nitakaa kidogo katika jambo la kuteremka. Tulikuwa hatujaenda mbali lori la shehena likatupita kwa kasi, na nyuma yake ikabaki harufu kali ya kuungua. Mke wangu akafunga dirisha. Harufu ile ilikuwa ya breki. Breki husimamisha gurudumu kwa kusuguana, na msuguano huzaa moto. Dereva akikanyaga breki mfululizo mteremko mzima, chuma hupata moto mwingi kuliko kinavyoweza kuupoza, na hata majimaji yapelekayo nguvu ya mguu wake huweza kuchemka. Hapo hukanyaga, na chombo hakisikii. Kwa hiyo kabla ya kuanza kuteremka nilikuwa nimeingiza gia ya chini, ili injini yenyewe iizuie motokaa, nikatumia breki kwa vipindi tu. Mama alihesabu kona kwa sauti, na kila kona akashika bega la kiti changu. Baada ya kona mbili tatu tukalikuta lori lile limeegeshwa kando, mawe yamewekwa chini ya magurudumu, na utingo wake akiyatazama kwa mbali. Shukuru Mungu, lilikuwa limesimama.

Jambo hili la uzito juu ya mteremko si geni mahali hapa. Reli ya Uganda ilipofika kwenye ukingo huu, mafundi walikuwa hawajamaliza njia yake ya kushukia. Basi wakajenga njia ya muda, na mabehewa yakateremshwa kwa kamba za chuma, mpaka njia ya kudumu ilipokwisha mwaka 1901. Katika sehemu iliyo kali kuliko zote, behewa lililoshuka ndilo lililolivuta jingine kupanda.

Barabara tuliyoifuata ilijengwa na mateka Waitalia wakati wa Vita Kuu ya Pili. Chini ya mteremko waliacha kanisa dogo la mawe, walilolijenga mwaka 1942 kwa ajili yao wenyewe, wakiwa mbali na kwao. Ndani huingia watu wachache tu. Mama aliketi humo kitambo, na hakuna aliyemharakisha, maana na magurudumu yetu yalikuwa yakipoa.

Mai Mahiu, jina ambalo kwa Kikikuyu ni maji ya moto, tulinunua mahindi ya kuchoma. Joto lilikuwa limezidi, watoto wakavua masweta. Kutoka hapo barabara hupanda tena, Longonot ukiwa upande wa kushoto, mpaka ziwa la Naivasha, lililo kadiri ya mita 1,880 juu ya bahari. Tulifika saa nane mchana. Siku ya kurudi mawingu yalikuwa yamefunga juu ya ukingo, na mama hakuulizwa shauri: tulifuata njia ya juu.