Bunge Ni Mahali pa Kazi: Usawa wa Kijinsia Baada ya Kuhesabu Viti



Tarehe 7 Agosti 2019, Zuleikha Hassan, Mwakilishi wa Wanawake wa Kaunti ya Kwale, aliingia katika ukumbi wa Bunge la Taifa jijini Nairobi akiwa amempakata mwanawe wa miezi mitano. Alikuwa amepatwa na dharura siku hiyo, na kazi ilikuwa inamngoja. Baadhi ya wabunge wanaume wakapaza sauti. Aliyekalia kiti cha Spika akamwamuru atoke, kwa kuwa kanuni haziruhusu mgeni kuingia ukumbini. Akatoka, na baadhi ya wabunge wanawake wakatoka naye. Nje aliwaeleza waandishi wa habari kwamba kama Bunge lingekuwa na chumba cha watoto, angemwacha mwanawe humo.

Neno hilo, mgeni, ndilo lililonifanya nichague mada ya leo. Wahenga wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtoto yule aliingia akamwonyesha mwenyeji ugonjwa wake. Miaka miwili kabla, Bunge hilohilo lilikuwa limepitisha Sheria ya Afya ya 2017, inayomtaka kila mwajiri atenge mahali pa akina mama kunyonyesha. Sheria ilitungwa kwa ajili ya viwanda, benki na maofisi. Waliotunga hawakujiona wenyewe ndani yake.

Hoja yangu ni moja. Bunge ni mahali pa kazi. Kabla ya siwa kuingizwa na hotuba kuanza, kuna watu wameajiriwa, wamepangiwa zamu, wamepewa ofisi, wanasubiri kupandishwa cheo. Tukitaka kujua kama Bunge linaamini usawa wa kijinsia, tuhesabu viti, kisha tuendelee kutazama hadi jikoni.

Nianze na viti, maana vina historia yake na si haki kuibeza. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 27, inasema watu wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili katika chombo chochote cha kuchaguliwa au kuteuliwa. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu iliweka Agosti 2015 kuwa ukomo wa kupata sheria ya kulitekeleza sharti hilo bungeni. Ukomo ulipita. Septemba 2020, Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutimiza wajibu huo. Bunge halikuvunjwa. Wanawake walioshinda majimbo walikuwa 16 mwaka 2013. Mwaka 2022 walifika 29, katika majimbo 290.

Tanzania ilipita njia ya Viti Maalum vya wanawake. Katiba yake inataka wabunge wa viti hivyo wasipungue asilimia 30 ya wabunge wengine wote, na baada ya uchaguzi wa 2020 viti hivyo vilikuwa 113. Bila viti hivyo, Bunge la Dodoma lingekuwa na wanawake wachache mno. Hata hivyo, mbunge wa Viti Maalum hana jimbo, kwa hiyo hagusi Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo. Hawezi kuwa Waziri Mkuu, kwa sababu Katiba inataka Waziri Mkuu awe mbunge wa jimbo. Ameingia mlangoni, lakini vyumba vingine vimefungwa. Nchini Kenya, wawakilishi wa wanawake walipoingia bungeni mwaka 2013, wapo waliowabandika jina la wasichana wa kubeba maua, kama vile wamekuja kupamba harusi ya watu wengine.

Lugha yetu ilikuwa imetutendea haki mapema. Neno Mheshimiwa halina mume wala mke. Spika ni Spika, Katibu ni Katibu, mwenyekiti ni mwenyekiti. Kiswahili kimemwekea kila mmoja kiti kilekile. Ubaguzi tumeuleta sisi, kwa vijineno tunavyoviongeza: mbunge wa kupewa, Mheshimiwa wa maua.

Na asidhani mtu kwamba mwanamke mmoja juu ya kiti anatosha. Anna Makinda alikuwa Spika wa Tanzania kuanzia 2010 hadi 2015, wa kwanza mwanamke. Tulia Ackson alichaguliwa kuwa Spika Februari 2022, na Oktoba 2023 akawa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani. Hizo ni hatua za kujivunia. Lakini kati ya wawili hao, Juni 2021, mbunge wa Momba, mwanamke, aliamriwa atoke ukumbini akabadilishe mavazi baada ya mbunge mwenzake mwanamume kulalamikia suruali yake. Kanuni ya mavazi inakaa katika kitabu, na kitabu hakibadiliki kwa sababu aliyekalia kiti amebadilika. Lazima kiandikwe upya.

Sasa tugeuze macho kutoka kwa wabunge hadi kwa watumishi. Mfikirieni mwandishi wa Hansadi, kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge. Mjadala wa bajeti umevuka saa mbili usiku. Amevaa spika za masikioni, anarudisha sauti nyuma mara ya tatu ili apate neno moja lililomezwa na makofi. Kwake kuna mtoto anayenyonya. Kikao kikiongezwa muda, wabunge wanapiga meza kukubali. Yeye hakuna anayemuuliza. Usafiri wa kumrudisha nyumbani usiku upo? Akirudi kutoka likizo ya uzazi, atakuta kamati aliyokuwa akiihudumia bado ni yake? Nyongeza ya muda hupita kwa sauti moja, na gharama yake haiandikwi popote katika Hansadi anayoiandika yeye mwenyewe.

Kuna jambo zito zaidi. Mwaka 2021, Umoja wa Mabunge Duniani, pamoja na Umoja wa Mabunge ya Afrika, ulitoa utafiti uliowahoji wanawake 224 kutoka nchi 50 za Afrika: wabunge 137 na watumishi 87. Asilimia 80 ya wabunge hao walisema wamefanyiwa ukatili wa kisaikolojia bungeni. Asilimia 39 ya wabunge hao walisema wamefanyiwa ukatili wa kingono. Mbunge ana kipaza sauti na waandishi wa habari mlangoni. Mtumishi aliyeguswa na mheshimiwa atamshtaki kwa nani, ikiwa mheshimiwa huyo ndiye anayepitisha bajeti ya ofisi yake?

Dawa zinajulikana. Mwaka 2012, mjini Québec, mabunge ya dunia yalikubaliana juu ya mpango wa utekelezaji wa Bunge linalozingatia jinsia. Kwetu hapa ningeanza na mambo manne.

Kwanza, Bunge litangaze kila mwaka idadi ya watumishi wake kwa jinsia na kwa ngazi, kuanzia wahudumu hadi wakurugenzi. Katiba ya Kenya imehakikisha wanawake wamo ndani ya Tume ya Huduma za Bunge. Nasi tuone matunda yake kwa watumishi walio chini ya Tume. Pili, liwe na chombo cha kupokea malalamiko ya unyanyasaji kisicho chini ya Spika wala chama chochote, na mtumishi awe na haki sawa na mbunge mbele yake. Tatu, ratiba ya vikao itolewe mapema, na kikao kikivuka saa za kazi, usafiri na malezi ya watoto viwe gharama ya Bunge. Nne, makatibu wa kamati wapangwe kwa zamu, ili wanawake wasijazwe kwenye kamati za ustawi wa jamii huku bajeti, ulinzi na nishati vikiachiwa wanaume. Anayehudumia kamati ya bajeti leo ndiye atakayejua kuandaa bajeti kesho, na ndiye atakayekuwa Katibu wa Bunge keshokutwa.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji kubadilisha Katiba. Yanahitaji sahihi ya Spika, uamuzi wa Tume na fungu katika bajeti. Ndiyo maana hayana kisingizio.

Mtoto yule wa Kwale leo ni wa kwenda shule. Miaka ishirini ijayo anaweza kurudi katika jengo lile akiwa mbunge, karani wa kamati au mwandishi wa Hansadi. Atakapofika, asiwepo mtu wa kumwita mgeni.