Baraza ya Uani

Natumaini kila mmoja amekaa mahali anapoweza kusikia vizuri, na kwamba daftari na kalamu ziko tayari, maana leo tuna hesabu kidogo.

Nataka kuzungumza nanyi juu ya baraza. Siyo baraza ya mbele. Ile kila mtu anaijua. Mwenye kupita Lamu huona daka milangoni pa nyumba za zamani, lenye viti vya mawe kulia na kushoto. Na Unguja, katika Mji Mkongwe, baraza za mawe zimeshikamana na kuta za nyumba, hata mvua kubwa ikinyesha na njia ikijaa maji, watu hupita juu yake. Baraza ya mbele ni ya wageni na mazungumzo. Leo nasema habari za baraza ya nyuma, ya uani, mahali ambapo mchele huchaguliwa, nazi hukunwa, watoto hufanya kazi zao za shule, na wazee hujinyosha jioni. Huko ndiko watu wa nyumbani wanakoshinda mchana kutwa, lakini huko ndiko tunakojenga bila ya kufikiri.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Nilipopata fedha kidogo nilijenga baraza uani kwangu. Sikumwuliza mtu. Nilimwita fundi, tukasimama pamoja, nikanyosha mkono chini ya dirisha la chumba cha watoto, nikasema, "Hapa, na iwe juu." Nilitaka iwe juu ili ionekane. Ikawa na kimo cha sentimita 60, na kidato kimoja tu cha kupandia. Maana yake ni kuinua mguu sentimita 30, kisha sentimita 30 tena. Kwangu mimi haikuwa kitu. Lakini mama yangu, ambaye ndiye hasa niliyemjengea, magoti yake yalikuwa yamechoka. Siku ya kwanza alipanda kwa kushikwa mkono. Kisha sikumwona tena pale. Masika yote alikaa kizingitini pa mlango wa jiko, katika moshi, nami nikadhani anapenda joto la moto. Siku moja nikamsikia akimwambia mjukuu wake, "Mwambie baba yako mimi si mbuzi wa kupanda majabali."

Nilibomoa. Saruji ikisha kauka haibomoki kwa maneno, wala haimrudishii mtu fedha yake.

Safari ya pili niliuliza. Nilimwuliza kwanza mke wangu, naye akanijibu kwa swali: "Jua la saa tisa mchana linakaa wapi uani?" Sikujua. Mimi saa tisa sipo nyumbani. Yeye alijua, na alijua pia moshi wa jiko unakwenda upande gani wakati wa kusi, na upande gani wakati wa kaskazi. Basi, mwanamume ambaye hutoka asubuhi na kurudi jioni asichague mahali pa baraza peke yake.

Sasa tutazame habari za jua. Kama uani kwako kunaelekea mashariki, una bahati: asubuhi hupata jua la kuanikia vitu, na alasiri nyumba yenyewe hukutilia kivuli. Kama kunaelekea magharibi, jua la alasiri huingia chini ya paa hata ukilirefusha, kwa sababu jua limeshuka. Hapo bati halisaidii sana. Afadhali kuweka kichaga cha miti upande ule na kupandisha mpasheni, au kupanda mti wa kivuli. Na sisi tulio kusini ya Ikweta tukumbuke jambo moja. Dar es Salaam, kwa mfano, jua la adhuhuri hukaa upande wa kaskazini tangu Machi mpaka mwanzo wa Oktoba, kisha huhamia upande wa kusini. Mwenye kuchagua mahali pa kivuli mwezi wa Julai asishangae akiungua mwezi wa Januari.

Baada ya mahali, ukubwa. Msikate ukubwa kwa macho. Lalisheni mkeka chini, waketini watu juu yake, wekeni na kiti, kisha pimeni. Mtu aliyekaa kitini na kunyosha miguu kidogo huchukua mita 1. Anayetaka kupita mbele yake na sinia la chakula anahitaji sentimita 60 zaidi. Basi baraza yenye upana wa mita 1 ni njia ya kupitia, si mahali pa kukaa. Mita 2 zafaa nyumba nyingi, na mkeka wa kulalia huenea. Kwa ngazi, kila kidato kisizidi sentimita 15 kwenda juu, na mahali pa kukanyaga pawe na sentimita 30. Mkipenda kujenga kiti cha kudumu pembeni, kimo chake kiwe sentimita 40 hadi 45.

Sasa naomba msikilize sana, maana hapa ndipo nyumba zinapoharibika. Nataka kusema habari za maji.

Baraza yangu ya kwanza ilikuwa na kosa jingine ambalo sikuliona mpaka mvua zilipokuja. Sakafu ya nyumba yangu iko sentimita 45 juu ya ardhi. Baraza ilikuwa sentimita 60. Yaani nilirundika kifusi ukutani mpaka kikapita sakafu ya chumba. Maji ya mvua yaliingia katika kifusi, kifusi kikayapa ukuta, na ukuta ukayatoa ndani. Chokaa ikaanza kumeguka karibu na kitanda cha watoto, na nguo zilizoegemea pale zikawa na ukungu. Mtoto wetu mdogo alikohoa siku nyingi. Siwezi kuapa kwamba ni ule unyevu tu, lakini tulipomhamishia chumba kingine tulilala.

Kwa hiyo sakafu ya baraza iwe chini ya sakafu ya nyumba, sentimita 5 kwa uchache. Kati ya kifusi na ukuta wekeni nailoni nzito, au pakeni ukuta lami. Na baraza isiwe sawasawa kabisa kama meza; iiname kidogo kuelekea uani, sentimita 2 kwa kila mita. Baraza ya upana wa mita 2 itateremka sentimita ngapi? Andikeni jibu. Ni sentimita 4. Jicho halioni mteremko huo, lakini maji yanauona. Fundi akimaliza, mwageni ndoo moja ya maji mbele yake kabla ya kumlipa.

Kuna na maji ya paa. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Sasa fanyeni hesabu. Upande wa paa la nyuma una urefu wa mita 8 na upana wa mita 5. Hiyo ni mita 40 za mraba. Ikinyesha mvua ya milimita 25, ambayo wakati wa masika si ajabu, 40 mara 25 ni lita 1,000. Ni ndoo 50 za lita 20, na zote zinaanguka ukingoni mwa baraza yako. Ndiyo maana baraza nyingi humong'onyoka upande wa nje, chini, mpaka zikapasuka. Wekeni mfereji wa bati na pipa. Mwenye kuteka maji mbali hana haja ya kuelezwa zaidi.

Pengine mtu atauliza: je, haiwezekani kujenga kwa mbao, kama zile tunazoziona katika picha za Marekani? Yawezekana. Kule nyumba nyingi ni za mbao, na sakafu ya nje ya mbao hulingana nazo. Kwetu adui ni mchwa. Nguzo isichimbiwe udongoni. Isimame juu ya jiwe au zege, na chini ya mbao pabaki nafasi ya kupita hewa na ya kuchungulia njia za mchwa. Mvule na mninga hustahimili kuliko msonobari usiotiwa dawa. Lakini bei yake mnaijua.

Kwa wale watakaojenga kwa kifusi na zege: kifusi kishindiliwe tabaka kwa tabaka, sentimita 15 kila mara, kwa maji kidogo. Msikimwage chote halafu mkashindilia juu. Juu patakuwa pagumu na chini patashuka. Zege juu yake liwe na unene wa sentimita 10, saruji kipimo 1, mchanga 2, kokoto 4. Baraza ya mita 4 kwa mita 2 itataka karibu mifuko 5 ya saruji, ile ya kilo 50, bila kuhesabu ya kuta za pembeni na ya kulainishia juu. Kisha limwagiwe maji kwa siku 7. Hapo wengi hatuna subira. Siku ya pili tu tumekwisha tandika mkeka.

Baraza yangu ya sasa iko mbele ya mlango wa nyuma, kimo chake sentimita 30, vidato viwili vya sentimita 15. Si ya kuonyesha watu. Mama yangu hupanda peke yake, na jioni nikirudi namkuta amekwisha chukua mahali pangu.

Kazi ya wiki hii ni hii. Chukueni majivu, mchore baraza yenu chini uani, kwa ukubwa wake kamili. Kaeni ndani ya mchoro huo asubuhi, saa tisa na jioni. Waulizeni wote wa nyumbani, hata watoto, kisha andikeni katika daftari kila mmoja alisema nini, pamoja na urefu, upana, kimo na mteremko. Mwalimu wenu atayasoma mtakapokutana tena. Kwaherini.