Nani Atafyeka Chini ya Mikorosho?

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya ujamaa na mkulima mdogo. Nitaanzia mbali kidogo, huko Urusi.

Mwaka 1920, miaka mitatu baada ya mapinduzi, mtaalamu wa uchumi wa kilimo aitwaye Alexander Chayanov alitoa kitabu kidogo cha hadithi. Ndani yake mtu wa Moscow analala mwaka 1921 na kuamka mwaka 1984. Anakuta nchi inatawaliwa na wakulima. Miji mikubwa imevunjwa kwa amri, mvua inaongozwa kwa mitambo, na kila familia inalima shamba lake ikisaidiwa na vyama vya ushirika.

Hiyo ilikuwa ndoto. Lakini Chayanov alikuwa pia mtu wa hesabu. Katika kazi zake za kitaalamu alionyesha kwamba mkulima hapigi hesabu kama mwenye kiwanda. Hutazama midomo inayongoja chakula na mikono iliyopo ya kufanya kazi, kisha hupima kama jasho la kuongeza shamba litalipwa na mavuno. Kwa hiyo alishauri shamba libaki kwa familia, na yale yanayomshinda mtu mmoja, kama kuuza mazao na kusindika maziwa, yafanywe na ushirika.

Wakubwa wa nchi yake walikuwa na ndoto nyingine, ya mashamba makubwa ya pamoja. Wakulima wakalazimishwa kuingia humo, na njaa ya 1932 na 1933 ikaua mamilioni ya watu. Chayanov mwenyewe alikamatwa mwaka 1930, akapigwa risasi mwaka 1937. Jina lake lilisafishwa mwaka 1987.

Sasa turudi nyumbani. Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Ujamaa Vijijini mwaka 1967, alisema wazi kwamba watu washawishiwe, wasilazimishwe. Mwishoni mwa 1973 kuishi vijijini kukawa amri.

Mwaka 1974 nilikwenda likizo kwa bibi yangu kusini, nikamkuta amehamishiwa kijiji kipya, mwendo wa saa mbili kutoka kwenye mikorosho yake. Nikamweleza faida za kijiji kama nilivyofundishwa katika somo la siasa. Bibi alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Mjukuu wangu, nani atafyeka chini ya mikorosho?"

Sikuwa na jibu. Msimu wa 1973/74 nchi yetu ilipata korosho tani zipatazo 145,000. Msimu wa 1986/87 hazikufika 20,000. Bei ndogo na ugonjwa wa ubwiri unga vilichangia sana, lakini pori lililoota katika mashamba yaliyoachwa nalo lilichangia.

Ndugu zangu, sisemi haya ili kuubeza ujamaa. Katika kijiji kile kile wadogo zangu walipata shule karibu na nyumbani, jambo ambalo mimi sikulipata. Kuota ndoto njema si kosa. Kosa ni kumwotea mwenzio bila kumwuliza. Hata Chayanov, rafiki wa wakulima, alipoota aliivunja miji kwa amri!

Ninyi vijana, kesho wengine wenu mtakuwa mabwana shamba, wachumi na viongozi. Mtapewa mipango iliyopangwa vizuri sana katika karatasi. Kabla hamjaipeleka kijijini, nendeni kwanza shambani, mkae kivulini na mwenye shamba, mmwulize swali la bibi yangu. Na akijibu, msikilizeni hadi mwisho, kama yeye alivyonisikiliza mimi.