Miraa na Saa ya Alasiri

Magari ya miraa kutoka Meru hukimbizwa hadi Garissa kabla majani hayajanyauka, maana nguvu yake hufifia upesi. Jioni ni kutafuna, chai ya sukari na chingamu. Usingizi hauji, swala ya Alfajiri inampita mtu, duka lafunguliwa saa nne. Mei 2024 Mombasa na Kilifi zilipiga marufuku muguka, aina ya miraa, mahakama ikasitisha marufuku hiyo. Basi anayetaka kuacha asingoje serikali, wala asiape kuacha milele. Viapo vya kijiweni twavijua! Ashike alasiri ya leo tu: akitoka msikitini asipitie kijiweni, arudi dukani, na pesa ya miraa amtumie mkewe kwa M-Pesa. Kesho vivyo hivyo. Siku za mwanzo atasinzia na kununa ovyo. Wa nyumbani wamvumilie.